Simba Dume Akiuawa, Watoto Nao Hufa

Huenda umeshangaa kukuta habari za simba katika kurasa hizi ulizozoea kusoma habari za uji wa mtoto, chanjo na malezi. Hata katika kikundi chetu cha akina mama hapa Mbalizi liliulizwa swali hilo hilo: "Jamani, simba wanatuhusu nini sisi?" Jibu letu ni kwamba habari ya simba dume, ukiifuatilia vizuri, ni habari ya mama na watoto wake. Dume anapouawa porini, hafi peke yake. Mara nyingi watoto wote aliokuwa akiwalinda hufa nyuma yake, na mama zao hubaki wakihangaika.

Sisi tukaao Mbalizi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, hatuamshwi usiku na ngurumo za simba. Watoto wetu humjua simba kwa picha ya kitabu cha shule na kwa televisheni. Lakini mchele tunaoununua sokoni hutoka Usangu, wilaya ya Mbarali, na wengi wetu tuna ndugu na majirani walioolewa au waliohamia huko. Mwaka 2008 eneo la Usangu lenye ardhi oevu ya Ihefu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa hiyo simba si wa mbali kama tunavyodhani. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na Ruaha pamoja na mapori yanayoizunguka ni moja ya ngome kubwa za simba zilizobaki Afrika.

Je, madume hawa huishije? Huungana na nani? Na watu wamewezaje kujua mambo yao ya ndani kiasi hicho? Tuyatazame moja baada ya jingine.

NYUMBA YA AKINA MAMA

Kundi la simba kwa kweli ni nyumba ya majike. Utakuta humo bibi, mama, mabinti, dada na mama wadogo, wote wa damu moja. Jike akizaliwa, kwa kawaida hubaki katika kundi la mama yake maisha yake yote. Eneo lao la kuwinda, lenye maji, kivuli na wanyama wa kula, ni urithi unaotoka kwa bibi hadi kwa mjukuu.

Mtoto wa kiume hali yake ni nyingine. Afikapo miaka miwili au mitatu hana budi kuondoka, na mara nyingi hufukuzwa. Kama ana kaka au binamu waliozaliwa karibu karibu na kulelewa pamoja, hutoka nao. Vijana hao huzurura kwa muda mrefu bila kwao. Huvizia wanachoweza kupata, huku wakiwakwepa madume wakubwa wenye maeneo yao. Ndicho kipindi wanachopenya hadi kwenye malisho ya watu na kujaribu ng'ombe au mbuzi.

Wakikomaa, wakiwa na miaka minne au mitano, hutafuta kundi la majike na kupigana na madume waliopo. Wakishinda, wao ndio huwa baba wa nyumba hiyo. Lakini ubaba wao haudumu. Kwa kawaida hushika kundi kwa miaka miwili au mitatu tu, kisha nao hutolewa na wengine wenye nguvu zaidi.

FAHALI WAWILI ZIZI MOJA

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa simba mambo ni kinyume. Dume aliye peke yake hupata taabu sana kulishika kundi la majike, na akilishika hadumu nalo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana madume huungana wawili, watatu, wanne, hata kufikia saba au tisa, wakatembea, wakanguruma na kupigana pamoja.

Watafiti walipopima vinasaba vya simba wa Serengeti na kuchapisha matokeo mwaka 1991, waligundua jambo la kufundisha. Umoja wa madume wawili au watatu mara nyingine huwa wa wasio ndugu kabisa: vijana wapweke waliokutana njiani wakaamua kushikamana. Lakini umoja wa madume wanne na zaidi siku zote huwa wa ndugu wa damu. Kwa nini? Kwa sababu katika umoja mkubwa si kila dume hupata watoto. Wachache ndio huzaa, wengine hulinda tu. Mgeni asingekubali kumwaga damu yake kwa ajili ya watoto wa mtu baki, bali ndugu hukubali, kwa maana watoto wa kaka yake ni damu yake pia.

Umoja ulio mkubwa hushika eneo pana zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na watoto waliozaliwa chini ya ulinzi wake hupata nafasi ya kukua. Jambo hili tulishike vizuri, maana ndilo msingi wa yote yanayofuata.

KADI YA KLINIKI YA SIMBA

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1966 mtaalamu George Schaller alianza kuwachunguza simba wa Serengeti, akitambua kila simba kwa sura yake. Wengine wakampokea kazi hiyo, na mwaka 1978 Craig Packer na Anne Pusey wakaishika na kuiendeleza kwa miaka mingi. Hivyo kuna familia za simba ambazo watu wamezifuata tangu enzi za mabibi hadi vitukuu.

Sisi wauguzi tunaielewa kazi hiyo mara moja, maana inafanana na kadi ya kliniki ya mtoto. Kila simba ana kadi yake. Juu ya kadi huchorwa madoa madogo meusi yaliyopo mashavuni, pale sharubu zinapoota. Mpangilio wa madoa hayo haufanani kati ya simba na simba, wala haubadiliki tangu utoto hadi uzee, kama zilivyo alama za vidole vyetu. Huongezwa pia masikio yaliyochanika, makovu na meno yaliyovunjika.

Umri nao una dalili zake. Pua ya simba mchanga ni ya rangi ya waridi. Kadiri anavyokua, madoa meusi huenea juu yake, na akipita miaka mitano zaidi ya nusu ya pua huwa nyeusi. Manyoya ya shingoni nayo husema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba dume mwenye manyoya meusi huwa ameshiba vizuri na ana nguvu. Majike humpenda, na madume wenzake humwogopa.

Baada ya kumtambua, kazi inayofuata ni kumfuatilia. Daktari wa mifugo humlaza simba kwa dawa ya usingizi, kisha anavishwa kola yenye redio shingoni. Serengeti walizoea kumvika jike mmoja katika kila kundi, kwa kuwa ukimpata yeye umewapata na ndugu zake. Mtafiti huendesha gari akiwa na antena, akisikiliza mlio hadi awafikie. Siku hizi zipo kola zinazotuma habari kwa setelaiti, na zipo kamera zinazofungwa kwenye miti na kujipiga zenyewe mnyama anapopita. Tangu mwaka 2010 kamera 225 ziliwekwa Serengeti kwa kazi hiyo.

Kila mahali simba alipoonekana huwekwa nukta kwenye ramani. Nukta za siku moja hazisemi kitu, lakini nukta za miaka huchora mpaka wa himaya. Ikaonekana kwamba makundi yenye nguvu hushika pale mito inapokutana, kwa sababu hapo maji hayakauki upesi, vichaka ni vingi, na wanyama huja wenyewe kunywa. Watoto wengi zaidi hukua hapo kuliko kwingineko.

Madume huilinda mipaka hiyo kwa kuweka mkojo vichakani na kwa kunguruma. Ngurumo ya simba usiku uliotulia yaweza kusikika umbali wa kilomita 8. Katika miaka ya 1990 watafiti walirekodi ngurumo na kuzicheza kwa kipaza sauti. Majike wenye watoto waliposikia sauti za baba wa watoto wao, waliendelea kupumzika. Waliposikia sauti za madume wageni, waliinuka, wakawakusanya watoto na kuondoka nao. Tena majike walitofautisha sauti ya jike mgeni mmoja na sauti za majike wageni watatu. Mama alikuwa akihesabu hatari kwa masikio.

Je, hofu yao ilikuwa ya bure? Hasha.

SIKU WAGENI WANAPOINGIA

Hapa ndipo habari inapokuwa chungu. Madume wapya wanapolitwaa kundi, huwaua watoto wachanga waliowakuta. Wale wakubwa kidogo hufukuzwa kabla hawajaweza kujitegemea, na wengi huangamia. Serengeti, karibu robo ya vifo vya watoto wa simba katika mwaka wao wa kwanza ilitokana na jambo hili.

Si ukatili wa bure. Jike mwenye watoto hapandwi tena hadi watoto wake wakaribie miaka miwili. Dume mpya naye ana miaka miwili au mitatu tu kabla hajaondolewa. Akisubiri, muda wake utakwisha bila mtoto hata mmoja. Jike aliyefiwa na watoto hurudi kwenye joto baada ya siku au wiki chache. Ndivyo maumbile yao yalivyo, wala tusiwachukue simba kuwa mfano wa ndoa zetu!

Lakini akina mama wa simba hawakai tu wakitazama. Wapo wanaokimbia na watoto wao wakubwa na kuishi pembezoni kwa miezi. Wapo wanaopigana hata kujeruhiwa na kufa. Silaha yao kubwa, hata hivyo, ni kulea pamoja. Mimba ya simba huchukua takriban siku 110, na majike wa kundi moja mara nyingi huzaa kwa wakati unaokaribiana. Mama humficha mtoto kichakani kwa wiki chache za mwanzo, kisha humleta kwa wenzake. Watoto wote hulelewa pamoja, hata hunyonya kwa mama wadogo. Jike mmoja hawezi kumzuia dume mgeni, kwa kuwa dume ni mkubwa kuliko yeye. Majike watatu au wanne wakisimama pamoja, huweza.

Kuna jambo moja lililotustaajabisha sisi tuliofanya kazi katika wodi za wazazi. Baada ya madume wapya kushika kundi, majike hupandwa mara nyingi, lakini kwa takriban miezi minne hawashiki mimba. Watafiti wanaeleza kwamba muda huo huwasaidia kuona kama madume hao watadumu au nao watafukuzwa kesho, kabla ya kubeba mimba ambayo haitakuwa na mlinzi.

Sasa unaona, mpendwa msomaji. Kinachowalinda watoto wa simba si ukubwa wa dume mmoja, bali ni kudumu kwa umoja wa baba zao pamoja na umoja wa mama zao. Upande mmoja ukivunjika, watoto wako hatarini.

MADUME WATATU WALIOJULIKANA

Wafuatiliaji wa Serengeti walimjua dume mmoja wakimwita C-Boy, mwenye manyoya meusi ya kupendeza. Yeye na mwenzake Hildur walikuwa walinzi wa kundi lililoitwa Jua Kali. Mwaka 2009 madume wa umoja mwingine walimshambulia C-Boy, karibu wamuue. Alinusurika, lakini kundi lile lilipotea mikononi mwao. Yeye na Hildur walihama wakaenda kulishika kundi jingine, lililoitwa Vumbi, wakawa baba huko. Kama C-Boy angekuwa peke yake, huenda asingepata makao tena.

Wa pili ni yule aliyejulikana na watalii kwa jina la Bob Junior. Alitawala sehemu yake ya Serengeti kwa miaka kadhaa akiwa na nduguye. Mwezi Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 10 hivi, aliuawa na madume vijana waliotaka nafasi yake. Wengi walisikitika, lakini hicho ndicho kifo cha kawaida cha simba dume. Alikuwa ameishi, amezaa, na baadhi ya watoto wake walikuwa wamekwisha kukua.

Wa tatu alikuwa mbali kidogo, katika hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe. Huyu ni Cecil, aliyekuwa amevishwa kola na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mwezi Julai 2015 aliuawa na mwindaji kutoka Marekani, na kifo chake kikavuma dunia nzima. Swali la kwanza la waliowajua simba lilikuwa: watoto wake itakuwaje? Cecil alikuwa katika umoja na dume aliyeitwa Jericho, ambaye hakuwa ndugu yake. Wengi waliogopa kwamba Jericho angezidiwa na wageni, na watoto wangeuawa. Jericho alikaa. Aliendelea kulishika eneo na kuwalinda watoto wa mwenzake waliobaki, hadi naye alipokufa mwaka 2016.

Hapo ndipo faida ya kuwafuatilia inapoonekana. Bila kola na kadi, watu wangesema simba mmoja amekufa basi. Kwa kuwa walijulikana, ilieleweka ni nyumba gani imetikisika.

HALI ILIVYO RUAHA

Turudi sasa karibu na kwetu. Mwaka 2009 mtaalamu Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford alianzisha mradi wa kuwachunguza wanyama wala nyama katika eneo la Ruaha, upande wa Iringa. Mashariki mwa hifadhi kuna vijiji vya wakulima na wafugaji, wakiwemo Wahehe, Wabarabaig, Wamasai na Wasukuma. Hakuna ukuta kati yao na hifadhi. Simba hupita, ng'ombe hupita.

Madume wa huko wanakufa kwa njia ambazo si za porini. Wengine huchomwa mikuki kwa kulipiza kisasi cha ng'ombe aliyeliwa. Wengine wamechomwa kwa ajili ya sifa, kwa maana kijana aliyeua simba alitunzwa mifugo na kusifiwa na wasichana. Wengine hunaswa na mitego ya waya iliyotegwa kwa ajili ya nyama ya porini. Na wengine huuawa kwa sumu. Mwezi Februari 2018, karibu na hifadhi ya Ruaha, simba 6 na tai 74 walikutwa wamekufa kwa sumu. Tai huja kula mzoga, nao wakafa. Fikiria kama mtoto mchungaji angepita pale akakata kipande cha nyama!

Kaskazini mwa Ruaha yapo mapori ya Rungwa na Kizigo, ambako uwindaji wa kitalii umekuwa ukiruhusiwa. Hapa elimu ya umri wa simba imekuwa na kazi. Mwaka 2004 Packer na wenzake walipiga hesabu kwa kutumia kumbukumbu za Serengeti. Waliona kwamba wawindaji wakiua madume waliofikisha miaka 5 au 6 na zaidi tu, simba hawapungui sana, kwa sababu dume wa umri huo amekwisha kulea watoto hadi wakajitegemea. Wakiua madume vijana, kila risasi moja huangusha na watoto wa nyuma yake, kwani wageni huingia. Kanuni za Tanzania zikaja kutaka simba anayewindwa awe na umri usiopungua miaka 6. Ndipo pua na manyoya ya shingoni hutazamwa kabla ya bunduki kuinuliwa.

Vijijini nako njia zimetafutwa. Maboma ya miiba yamebadilishwa kwa nyaya imara ambazo simba hawezi kuzipenya usiku. Mbwa wakubwa wa aina yenye asili ya Uturuki, waliozoea kulinda mifugo, waliletwa kujaribiwa. Vijana wa Kibarabaig, ambao zamani sifa yao ilikuwa kuua simba, wameajiriwa kufuatilia nyayo, kuwaonya wachungaji mahali simba walipo, kutafuta ng'ombe waliopotea na kusaidia kukarabati maboma. Mbinu hiyo ilifuata mfano wa Kenya, ambako Wamasai wa Amboseli walianza kazi kama hiyo mwaka 2007. Ujuzi wa nyayo ni ule ule, ila sasa kijana anapata mshahara na heshima bila kumwaga damu.

Lililotugusa zaidi sisi wauguzi ni kamera za vijiji. Wanakijiji wenyewe hufunga kamera katika ardhi yao. Kila mnyama wa porini anayepigwa picha huwapatia alama, na simba ana alama nyingi. Vijiji hushindana, na alama hugeuzwa kuwa msaada wa afya, elimu na matibabu ya mifugo. Kwa hiyo dispensari yaweza kupata vifaa kwa sababu simba alipita salama mbele ya kamera. Mama anayejifungua hapo ananufaika na simba ambaye hajamwona.

HOFU YA MAMA NI YA KWELI

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba simba ni mnyama wa kuonewa huruma tu. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini hawajasahau simba wala watu wa Njombe, waliowaangamiza watu tangu mwaka 1932 hadi 1947. Wapo wanaotaja vifo vipatavyo 1,500. Bwana nyama George Rushby alitumwa kuwasaka, akaua simba 15 pamoja na wasaidizi wake, ndipo maafa yakakoma. Inaelezwa kwamba kabla ya hapo wanyama pori wengi walikuwa wameuawa kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kuzuia ugonjwa wa sotoka, hivyo simba wakakosa chakula chao.

Wala si mambo ya zamani peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563, wengi wao mikoa ya kusini na pwani. Wengi walivamiwa wakati wa mavuno, wakiwa wamelala mashambani katika vibanda hafifu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba alimfuata nguruwe, akamkuta mtu. Nyuma ya kila namba hapo kuna mama aliyelia, na hakuna hoja ya uhifadhi inayoweza kumfuta machozi.

Lakini tazama mafunzo yake. Njombe na kusini, simba aligeukia watu pale chakula chake kilipotoweka au pale nguruwe walipomvuta hadi shambani. Na vijana madume wasio na kwao ndio wanaohangaika zaidi pembezoni mwa hifadhi. Kijiji kikimwua dume mzima mwenye eneo lake, hakijapata amani, kwani nafasi yake huachwa wazi kwa wageni, watoto huuawa, na majike waliochanganyikiwa huhamahama. Ni afadhali dume mzee anayejua mipaka yake kuliko vijana watatu wasiojua.

TUFANYE NINI?

Kwa akina mama wenye ndugu au mashamba karibu na hifadhi, tunashauri mambo haya:

1. Watoto wasilale shambani wakati wa mavuno. Kama mtu mzima hana budi kulinda mazao, dungu liwe juu na imara, na watu wawe zaidi ya mmoja.

2. Watoto wasitembee alfajiri na jioni kwenda kuteka maji au kutafuta mifugo iliyopotea. Simba huwinda zaidi gizani.

3. Mifugo ilale ndani ya boma lililoimarishwa. Wengi waliopoteza ng'ombe walipoteza wale waliolala nje au katika boma bovu.

4. Dawa za kuogeshea mifugo na za kuulia wadudu zifungiwe, zisiwekwe katika chupa za soda. Sumu iliyokusudiwa simba hutangulia kumfikia mtoto. Mkikuta mzoga wenye nzi waliokufa pembeni yake, msiguse, msile, toeni taarifa kwa ofisi ya kijiji.

5. Simba akionekana, toeni taarifa mapema kwa askari wa wanyamapori. Vijana wasiachwe kumfuata na mikuki. Simba aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima, na tumewahi kuwashona vijana waliorarua nyama zao wenyewe kwa kutafuta sifa.

6. Tuwaambie watoto wetu ukweli wote kuhusu simba: kwamba anaua, na kwamba analea.

Lipo na neno kwa sisi mama wa vijana wa kiume. Sifa ya kuua simba haikuzuka yenyewe. Ilikuwepo kwa kuwa wasichana waliimba, na akina mama walipiga vigelegele kijana aliporudi na mkia. Sisi tukinyamaza, sifa hiyo hupoa. Tukimpigia vigelegele kijana aliyewaonya wachungaji wenzake na kurudisha ng'ombe wote salama, wadogo zake watamfuata.

Simba waliobaki Afrika nzima wanakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 25,000 tu, na nchi yetu imebeba sehemu kubwa ya hao. Basi siku ukisikia redioni au sokoni kwamba dume ameuawa huko Usangu, Pawaga au Rungwa, usiishie kuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani. Uliza pia kama alikuwa na nduguye, na kama huyo nduguye yu hai. Kama yupo, huenda watoto wakafika mwaka wa pili.